Nzuri, Ila

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa sababu ya viatu vya Upepo. Msimu uliopita Upepo, winga wetu wa kushoto, aliingia chumba cha kubadilishia nguo wakati wa mapumziko, tukiwa tunaongoza mabao mawili. Akavua viatu, akavipanga chini ya benchi kama vya mgeni mlangoni, akatoka na soksi mpaka barabarani. Hakurudi. Mpaka leo hachezi, na mama yake anasema kutwa anatazama ukuta. Mimi ndiye nesi wa timu hii ya mpira ya wanawake. Asubuhi ya siku ile nilimpima presha, nikamfunga kifundo cha mguu, nikamwuliza hali, akaniambia nzuri.

Leo uongozi umetuletea mshauri wa afya ya akili, mama mfupi wa miwani, anayesema taratibu. Katuambia tusingoje mtu avunjike ndipo tukimbilie bandeji, tuulize kila siku kama mtu angali mzima. Kocha alikuwa anaangalia saa. Mwishoni mshauri katupa kadi: kila mchezaji ataijaza asubuhi, Jumanne mpaka Ijumaa, nami nitaandika majibu kwenye rejista. Baada ya mwezi atakuja kukagua.

Nimejiapiza. Msimu huu haondoki mtu na soksi.

Jumanne, 4 Machi

Kadi za mshauri zimenitoa jasho. Zimeandikwa: "Tathmini hali yako ya kihisia kwa kipimo cha moja hadi tano." Wanawake ishirini na wawili wakazigeuza mbele na nyuma. Spea, golikipa wetu wa akiba (jina hilo kapewa kwa kuwa hukaa tu akingoja tairi ipasuke), akauliza, "Sista, kihisia ni goti au nyonga?" Walicheka mpaka beki mmoja akapaliwa na maji. Wengi wameandika tatu, eti kwa kuwa iko katikati. Kufuli, golikipa namba moja, kachora mpira wenye meno.

Huyu Kufuli ndiye roho ya timu. Langoni kwake hakipiti kitu, na akifungua mdomo hata Kocha hucheka.

Kadi nitaandika mwenyewe, kwa lugha ya watu.

Alhamisi, 6 Machi

Kadi yangu: Habari ya usingizi? Habari ya mwili? Habari ya moyo? Habari ya nyumbani? Mistari minne, kila mmoja na nafasi yake. Wamejaza kwa dakika tatu, wamesimama, njumu mkononi.

"Sasa hapa umesema, Sista," Kufuli kaniambia. "Ile ya juzi ilikuwa mtihani wa taifa."

Ishirini na wawili, wote nzuri. Nimevimba kichwa kidogo, sikatai. Jioni nimemwandikia mdogo wangu, ambaye yuko mji mwingine anashona kwenye kiwanda cha nguo: Habari? Kajibu: Nzuri. Basi nyumbani salama.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua zimeanza. Mafua manne. Nyumbani salama.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi. Dakika ya themanini na nane, sare, uwanja umekuwa tope tupu. Beki wetu kamrudishia Kufuli mpira, polepole, pasi ya kawaida kabisa. Kufuli kaja kuupiga, mguu wa kushoto ukateleza, mpira ukapita chini ya wa kulia. Ukaingia langoni taratibu, kama unaomba radhi. Kufuli kalala kifudifudi kwenye tope.

Bao halikunishtua, mabao tumezoea. Kilichonishtua ni kicheko. Uwanja mzima, wetu na wao, wazee kwa watoto. Niliona watu wameinua simu juu wakirekodi na huku mabega yanatikisika. Niliingia kumwangalia kama kaumia. Kasema, "Sijaumia, Sista, niache nifukie uso kidogo." Nikacheka. Na mimi nilicheka.

Jumatatu, 17 Machi

Jumatatu ni siku ya kutazama picha za mechi, kwenye chumba cha runinga. Kocha kalirudisha lile bao mara kumi na moja. Nilihesabu. Kila mpira ukipita, chumba kinalipuka. Aliyecheka kuliko wote ni Kufuli mwenyewe. "Rudisha, Kocha, sijaona vizuri ninavyopendeza."

Nikajisemea, huyu ana moyo wa chuma.

Jumanne, 18 Machi

Kadi ya Kufuli leo, kwenye habari ya moyo: "Nzuri, ila". Basi, imeishia hapo.

Nikamwita pale pale pembeni ya uwanja, wenzake wakijinyoosha. "Wewe Kufuli, ila nini?"

Kanitazama. Kawatazama wenzake. "Ila kalamu yako imekufa, Sista. Nunua kalamu."

Kicheko. Rejista yangu ina nafasi ya neno moja kila mstari. Nimeandika Nzuri.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Goti la beki limevimba. Nyumbani salama.

Jumanne, 25 Machi

Kufuli karudia utani wake wa "Nzuri, ila". Utani ukirudiwa unachuja. Nimeandika Nzuri. Nimemwandikia mdogo wangu habari, kajibu nzuri.

Jumamosi, 29 Machi

Tumeshinda! Kufuli kaokoa penalti ya dakika za nyongeza, kaipangua kwa ncha za vidole. Wenzake walimrukia mpaka nikaogopa mbavu zake. Kwenye basi kakaa kiti cha nyuma, kajifunika kofia mpaka puani. Nikajua kachoka.

Jumatatu, 31 Machi

Kocha kaonyesha penalti mara moja. Kisha karudisha lile bao la tope, "ili tusijisahau."

Jumanne, 8 Aprili

Ijumaa mshauri anakuja, kwa hiyo nimejumlisha. Siku kumi na tisa, kadi mia nne na kumi na nane, zote nzuri. Kocha kaibandika karatasi yangu ukutani, kando ya ratiba ya ligi.

"Umeona? Timu yangu ni nzima kuliko hospitali."

Nami nilisimama pale nikiitazama kama cheti.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimerudi nyumbani nimenuna, na naandika nimenuna.

Mshauri kafungua rejista. Kafunua, kafunua, karudi nyuma. Nilikuwa nangoja sifa.

"Dada, mwezi mzima hakuna hata mmoja aliyelala vibaya?"

"Ndiyo maana nasema wana afya."

"Hata usiku wa siku mliyofungwa kwa kichekesho?"

Nikamwonyesha mstari: nzuri, nzuri, nzuri.

Kavua miwani. "Dada, hii siyo kadi ya afya. Hii ni salamu. Umewaamkia mara mia nne, nao wamekuitikia kwa adabu."

Nikamwambia kadi yake haikueleweka, yangu imeeleweka. Hakubisha. Kaniuliza, "Ukiwa umefiwa, mtu akakusalimu habari, unamjibuje?"

"Nzuri."

"Halafu?"

"Halafu namwambia, ila nimefiwa."

"Kwenye kadi yako, hiyo ila inakaa wapi?"

Kuna kitu kilinipita kichwani hapo, kikapita mbio, nami nikakifukuza. Kaomba kadi zenyewe. Nikamwambia ziko stoo kwenye sanduku la viatu, nitazitafuta. Kasema nizipitie zote kabla ya Jumatatu, na nikimtilia mtu shaka nimwulize faraghani, waziwazi, kama amefikiria kujidhuru. Eti kumwuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa mahali pa kulitua. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, mradi aondoke.

Mtu hajawahi kufunga hata plasta, anakuja kunifundisha kuuliza hali.

Jumapili, 13 Aprili

Nimefua. Sanduku sijaligusa. Nyumbani salama.

Jumatatu, 14 Aprili

Naandika haya usiku wa manane.

Asubuhi Kufuli hakuonekana kwenye chumba cha runinga. Simu imezimwa. Kocha kasema anadeka, kaanza bila yake. Mimi nikaenda zangu kwa mfuaji wetu, Mama Jezi, kuchukua taulo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi Sista, yule golikipa wako anahama?"

"Anahama kwenda wapi?"

Kanionyesha rafu. Jezi tatu za Kufuli, suti ya mazoezi, soksi jozi sita. Zimefuliwa kwa mkono, zimepigwa pasi, zimekunjwa. "Kazileta mwenyewe jana. Miaka tisa nawafulia hawa. Mchezaji hutupa nguo kwenye kapu akakimbilia basi. Hapigi pasi soksi. Nikamwuliza kulikoni, kanishika mkono kwa mikono miwili, kasema ahsante kwa kila kitu, mama."

Nikiwa bado nimeshika taulo, Spea kapita mlangoni, anameremeta, amevaa glavu za Kufuli. Zile glavu asizoruhusu mtu kuzigusa. "Sista, ona! Kanipa! Kasema nizitunze, yeye hatazihitaji tena." Kisha akaniona uso, tabasamu likamfia mdomoni. Akaanza kuzivua, kidole kimoja kimoja.

Nilikimbilia stoo. Mia nne na ngapi zile, nilizimwaga sakafuni nikapiga magoti. Nikatafuta mwandiko wake. Tarehe 18 Machi: Nzuri, ila. Tarehe 25: Nzuri, ila. Tarehe 1 Aprili: Nzuri, ila. Hii hata sikuiandika humu, nilikwisha kuizoea. Tarehe 8: Nzuri, ila, na mbele yake nukta, iliyokandamizwa mpaka kadi imetoboka. Zote Jumanne. Zote siku moja baada ya picha za Kocha.

Tena nikaona kingine. Kadi ile ya kwanza, alipodai kalamu imekufa, mstari unaofuata, habari ya nyumbani, umejazwa: Nzuri. Kalamu ile ile, wino ule ule, umekolea. Kalamu haikuwa imekufa. Mwezi mzima mtu alikuwa anagonga mlango, mimi naandika rejistani kwamba hakuna mtu.

Niliingia chumba cha runinga na kadi nne mkononi. Bao la tope lilikuwa linapita ukutani.

"Kocha, Kufuli yuko hatarini. Nataka gari."

"Sista, mpe siku mbili, atarudi."

"Upepo tulimpa siku ngapi?"

Kocha kazima runinga. Kaendesha yeye mwenyewe, kwenye mvua, na mimi nikampigia mshauri njiani. Hakuniambia, "Si nilikwambia?" Kasema, "Usimwache peke yake. Uliza, kisha nyamaza. Nami naja."

Mama yake kanifungulia, kanga begani. Kocha kabaki garini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri," nikasema.

Nzuri! Mimi, niliyesimama kizingitini, nimelowa chapachapa, nimekuja kwa hofu ya kifo, nimesema nzuri. Nilitaka kujizaba kofi.

Mama akasema, "Na sisi hatujambo. Ila..." Akakunja ncha ya kanga, akaikunjua. Nikafungua mdomo nimwulize, nikaufunga. Nikangoja. Ilikuwa muda mrefu. "Ila huyu mwenzio hajala tangu juzi. Usiku namsikia anatembea. Leo asubuhi kaniomba msamaha, sijui wa nini."

Kufuli alikuwa amekaa kitandani, kavaa vizuri, chumba kimefagiwa. Kaniona, na ule uso wa utani ukajitahidi kuja.

"Sista! Karibu. Habari za—"

"Usinisalimie," nikamwambia. Nikakaa sakafuni mbele yake, nikamwekea zile kadi nne magotini. "Ila nini?"

Kazitazama. Nilihesabu pumzi zangu. Mvua ilikuwa inapiga bati, nami nilikuwa naumwa ulimi kwa kuuzuia.

"Ila naliona kila nikifumba macho," akasema. "Ila watu wananitumia lile bao, wamelitia wimbo. Kila siku, Sista, watu nisiowajua. Wananiambia nijifukie humo humo kwenye tope. Nikasema watu ni watu. Kisha mjomba akalituma kwenye kundi la simu la ukoo. Mjomba wangu mwenyewe, na vikaragosi vya kucheka. Wote wakacheka. Nami nikacheka. Ningefanyaje?"

Nikamwuliza kama alivyonifundisha yule mama niliyemnunia. "Umefikiria kujidhuru?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Jana. Na leo kama usingekuja."

Nimekuwa nesi miaka kumi na saba. Nimeona mfupa ukitoka nje ya ngozi. Sijawahi kushtuka namna ile. Nilimshika miguu, ndiyo iliyokuwa karibu, nikalia kwa sauti kama mtoto. Naye akalia. Mama yake alikuwa mlangoni, akaja akakaa katikati yetu, akamfunika Kufuli na ile kanga.

Mshauri alifika. Tukaenda hospitali wote, Kocha akiendesha. Daktari kamlaza. Mama yake yuko naye, hatabanduka. Kufuli, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kanivuta mkono: "Nilikuwa nangoja uniulize tena, Sista. Ila usiniulize mbele ya watu."

Jumanne, 15 Aprili

Spea kaleta glavu kwangu zimefungwa kwenye mfuko safi. "Nilifurahi, Sista. Kanipa, nami nikafurahi." Kalia sana. Nimemwambia nami niliandika Nzuri mara nne. Tumezifungia kabatini, ufunguo anao yeye.

Karatasi ya ukutani nimeibandua.

Jumatatu, 28 Aprili

Kufuli karudi nyumbani. Anamwona daktari mara mbili kwa wiki, dawa anakunywa, analala saa tano mfululizo. Simu yake anayo mama yake. Mjomba alikuja kuomba radhi, akasimama uani saa nzima kabla ya kuruhusiwa kuingia. Klabu imeandika barua kwamba nafasi yake ipo, apone kwanza.

Picha za leo Kocha kaonyesha pasi nzuri tu. Hakuna aliyechokoza.

Jumanne, 6 Mei

Kadi mpya tumeitunga na mshauri, chai mezani. Salamu nimeichapa mimi mwenyewe tayari, ili isimchukulie mtu nafasi: "Nzuri, ila" na chini yake mistari mitupu. Wanajaza kila mtu peke yake, kwenye chumba changu, mlango umefungwa, na mtu hujaza akitaka, akaitia kwenye sanduku.

Nilitarajia kadi mbili tatu. Nimefungua sanduku nikakaa chini.

Ila naogopa goti langu limekwisha na sijui kazi nyingine. Ila mume wangu hataki nicheze, sijamwambia mtu. Ila silali. Ila namkumbuka Upepo na hakuna anayemtaja. Wachezaji waliopo ni ishirini na mmoja. Kadi kumi na tisa zimeandikwa. Wale ambao mwezi uliopita walikuwa wazima kuliko hospitali.

Kisha ikatoka ya ishirini, ambayo haikuwa ya mchezaji. Naujua mwandiko ule, uko kwenye ubao kila siku. "Ila nililirudisha mara kumi na moja."

Nimetoka nje nikavuta hewa. Kufuli alikuwa amekuja na mama yake kutazama mazoezi, kavaa kofia, amekaa kwenye benchi la akiba. Nikakaa naye, tukanyamaza kidogo. Sasa najua kunyamaza.

"Na yako iko wapi, Sista?" akauliza.

"Yangu nini?"

"Kadi. Umetuuliza sisi msimu mzima."

Nikacheka, nikasema mimi nyumbani salama. Neno lilipotoka tu nikalisikia.

Nimefika nyumbani jioni hii nimefunua daftari hili tangu mwanzo. Nyumbani salama, nyumbani salama. Kisha nikafungua simu, nikapandisha ujumbe wa mdogo wangu juu, na juu, na juu. Habari? Nzuri. Habari? Nzuri. Tangu mwaka jana hakuna neno jingine. Yeye aliyekuwa akiniandikia mpaka bei ya nyanya na ugomvi wa majirani.

Nikamwandikia: "Usinijibu nzuri. Ila nini?"

Nilidhani nitangoja. Nilitaka kuweka simu mezani nijifunze kungoja. Ikalia kabla haijagusa meza.

"Ila dada, mbona ulichelewa hivi kuuliza? Njoo."

Nimempigia. Amepokea, analia, hatujakata. Naandika haya simu nimeibana sikioni kwa bega, na kwa mkono mwingine navaa viatu.